Vito vya wanawake wa Kibashkiri: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Hizi picha za akina mama waliojaa marijani nyekundu na sarafu kuanzia kichwani mpaka tumboni mmezoea kuziona zimeandikwa "vazi la Kirusi". Si la Kirusi jamani. Hao ni Wabashkiri, watu wa milima ya Ural ya kusini, kwao ni Bashkortostan, mji mkuu Ufa, ndani ya Urusi ni kweli lakini lugha yao ni ya jamii moja na Kituruki na wengi wao ni Waislamu wa Sunni. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu likikosewa hili mengine yote yanakosewa.

"Ni kuringa tu na hela." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu anaona sarafu za fedha zimepangwa kifuani anasema basi mwanamke kavaa benki yake. Mali ilikuwemo ndio, nani angekataa, fedha ni fedha, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kinga. Waliamini mlio wa sarafu unafukuza mabaya, na wekundu wa marijani unamlinda mwanamke na uzazi wake, ndio maana vinakaa kifuani na kichwani na mgongoni na hata mwisho wa misuko ya nywele, kule wanafunga pambo linaitwa sulpy, akitembea unamsikia kabla hujamwona.

"Basi ni ushirikina, Muislamu gani huyo." Kuna pambo lao linaitwa hasite, mkanda wa kitambaa unaopita mshazari kutoka begani, umeshonewa sarafu, na humo ndani kuna kimfuko cha kuwekea maandishi ya dua. Yaani hirizi. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

"Sonara ndiye aliyetengeneza." Vile vipande vya chuma vilivyonakshiwa ndio, vilitoka kwa mafundi. Lakini pambo lenyewe la kifua ni kazi ya sindano ya mwanamke nyumbani kwake. Liangalie kwa karibu: chini kuna kitambaa kigumu, juu yake marijani ndogondogo zimeshonwa moja moja, sehemu nyingine zimefumwa kama wavu, halafu sarafu zinaning'inia. Majina yake yanabadilika kwa mahali, kuna wanaosema selter, maana yake ni kitu cha wavuwavu, wengine hakal, yaani ndevu, wengine yaga, yaani kola ya nguo. Kwa hiyo hata lile wazo la kwamba kuna vazi moja la Wabashkiri wote halisimami.

Na kashmau, ile kofia ya mwanamke aliyeolewa, mi ndiyo inanimaliza. Utosini ina tundu, imezungushwa marijani, sarafu zinashuka usoni, na nyuma ina mkia mrefu wa kitambaa unaoteremka mgongoni, umejaa shanga na simbi. Simbi hizi hizi tunazoziita kauri! Kuna wanaodhani wanaziokota mitoni huko kwao, hapana, zile ni za bahari ya joto, Bahari ya Hindi, zimefika Ural kwa biashara ya mkono kwa mkono, na Ural ya kusini haina bahari karibu hata kidogo. Marijani nazo zimetoka Mediterania. Na wao marijani wanaiita "meryen", neno lilelile la Kiarabu tulilolichukua sisi tukasema marijani. Nilipoligundua hilo nilikaa kimya kidogo.

"Sarafu ikisoma 1750 basi pambo ni la 1750." Hapana. Mama akizeeka alipunguza vito vyake akampa binti, binti anafumua, anashona upya, anaongeza za kwake, kwa hiyo kwenye kitambaa kimoja unaweza kukuta sarafu za nyakati tofauti kabisa, na nyingine wala si sarafu halisi, ni vibati vilivyogongwa vifanane nazo. Mwaka ulioandikwa unakuambia tu sarafu hiyo haikushonwa hapo kabla ya mwaka huo, basi.

Na wale wanaosema vimekufa, vingi vya zamani vilipotea kweli, karne ya 20 haikuwa nyepesi kule, njaa ya 1921 na 1922 iliipiga Bashkiria, yaani Bashkortostan hiyohiyo, vibaya na mwenye njaa anauza fedha apate unga. Vilivyobaki viko makumbusho, Ufa na Saint Petersburg. Ila wapo wanawake leo wanaoshona selter upya, wanahesabu safu kwa kuangalia za zamani. Za jukwaani mara nyingi ni plastiki na vibati vyepesi, kwa mbali zinapendeza, lakini mlio wake si ule wa fedha.