Kitambaa cha matabaka si kila kitambaa kizito kinachovutika

Kitambaa cha matabaka kinachovutika ni vitambaa viwili au zaidi, au kitambaa na utando, au kitambaa na povu, ambavyo kila kimoja kilitengenezwa peke yake, kisha vikagandishwa pamoja kwa namna ambayo vikivutwa vinarefuka kwa pamoja na vikiachiliwa vinarudi kwa pamoja. Hiyo ndiyo maana yake, na isingehitaji maelezo marefu kama jina hilo lisingekuwa linapachikwa siku hizi kwenye kila kitu chenye unene kidogo na kinachonyumbuka: gauni la skuba, suruali ya kubana, hata fulana ya mazoezi. Muuzaji hushika pembe ya kitambaa, akakivuta, kikarudi, kisha akasema kwa uhakika kabisa, "Hii ni ya matabaka, dada, haichoki." Kitambaa chenyewe mara nyingi ni kizuri. Kosa liko kwenye maelezo, na kosa hilo lina gharama, kwa sababu kitambaa cha matabaka hukatwa, hushonwa, hufuliwa na kuchakaa kwa njia tofauti na kitambaa cha kawaida.

Uwezo wa kuvutika unaweza kuingizwa kwenye nguo kupitia uzi wenyewe, na hapa ndipo ilipo ile nyuzi inayoitwa elasteni barani Ulaya na spandeksi nchini Marekani, ambayo mitaani huitwa laikra ingawa Lycra ni jina la biashara la kampuni moja tu. Joseph Shivers aliitengeneza katika maabara ya DuPont huko Virginia mwaka 1958. Ili istahili kuitwa elasteni ni lazima angalau asilimia 85 ya uzito wake iwe poliurethani ya aina maalumu, ambayo molekuli zake zina sehemu laini zilizojikunja na sehemu ngumu zinazoshikana: ukivuta, zile laini zinakunjuka, ukiachia, zile ngumu zinazirudisha mahali pake. Uzi wa namna hiyo unaweza kurefuka mara tano na zaidi bila kukatika, na ndiyo maana hautumiki peke yake bali huchanganywa kidogo kidogo na pamba, nailoni au poliesta. Uwezo wa kuvutika unaweza pia kutokana na ufumaji: fulana ya pamba tupu huvutika kwa kuwa imefumwa kwa vitanzi, na kitanzi kikivutwa hubadili umbo kabla uzi wenyewe haujaanza kukazwa. Katika hali zote mbili kitambaa kinabaki kuwa kimoja. Hakuna tabaka hapo, hata kiwe kizito namna gani.

Skuba ndiyo inayoleta mkanganyiko mkubwa zaidi, na jina lake lina sehemu ya lawama. Neno hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayotaja kifaa cha kupumulia chini ya maji kisichotegemea bomba kutoka juu, na wapenzi wa mitindo walilihamishia kwenye kitambaa kwa sababu kina unene, ulaini na ukakamavu unaofanana kwa mbali na nguo ya wazamiaji. Basi mtu akisikia skuba anadhani ameuziwa mpira wa kuzamia uliopunguzwa unene. Sivyo. Skuba ya gauni ni poliesta na elasteni iliyofumwa maradufu: mashine yenye safu mbili za sindano hufuma nyuso mbili kwa wakati mmoja, na vitanzi vya uso mmoja vinashikana na vya uso wa pili mgongo kwa mgongo, hivi kwamba hakuna hata nukta moja ambayo nyuso hizo ziliwahi kuwa vitambaa viwili. Haina gundi, haina povu, na huwezi kuibandua. Kata kipande kidogo, ukikague ukingo wake kwenye mwanga, kisha ujaribu kuzitenganisha nyuso kwa kucha. Utachomoa nyuzi na kukiharibu kitambaa, lakini hutapata vipande viwili.

Sasa chukua kipande cha nguo halisi ya kuzamia, ile ya milimita tatu ambayo wazamiaji wengi wa Zanzibar na Mafia huivaa, na ukiangalie ukingo wake vivyo hivyo. Utaona mistari mitatu iliyo wazi: uzi mwembamba wa rangi juu, unene mweusi wenye vitundu vidogo mno katikati, na uzi mwembamba tena chini. Ule weusi ni neoprini, mpira wa kutengenezwa uliopatikana DuPont mwaka 1930, ambao umepulizwa gesi wakati wa kuumuka hadi ukajaa viputo visivyofunguliana. Huokwa ukiwa bonge nene, kisha hupasuliwa kuwa karatasi za unene unaotakiwa. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley ndiye aliyepata mwaka 1952 kwamba mzamiaji hahitaji kubaki mkavu ili asipate baridi. Joto linahifadhiwa na gesi iliyomo kwenye viputo, na maji machache yanayopenya kati ya nguo na ngozi hayana madhara makubwa. (Hii pia ndiyo sababu nguo hiyo hupoteza joto kadiri mtu anavyozama: mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, na viputo vinasinyaa.)

Nguo za mwanzo zilikuwa mpira mtupu. Zilivutika vizuri sana, lakini ziling'ang'ania ngozi kiasi kwamba mvaaji alilazimika kujipaka poda kwanza, na ukucha mmoja ulitosha kuzichana. Hapo ndipo matabaka yalipoingia: kitambaa cha nailoni kilichofumwa kwa vitanzi kikagandishwa upande wa ndani, baadaye pande zote mbili. Nguo ikaacha kuchanika, ikaanza kuteleza mwilini, ikapata na rangi. Ila ikaacha pia kuvutika kama zamani, na sababu ya jambo hilo ndiyo kiini cha usanifu wote wa vitambaa hivi.

Matabaka yaliyogandishwa ni kama watu wanne waliobeba kitanda: mwendo wao ni wa yule anayekwenda polepole zaidi. Mpira uwe na uwezo wa kurefuka mara mbili au tatu, ukiwa umegandishwa kwenye nailoni inayokubali nusu tu ya urefu wake, kitambaa kizima kitakomea kwenye hiyo nusu; na ukikilazimisha, kitakachotangulia kushindwa ni gundi au mshono. Kwa hiyo msanifu hana sababu ya kutafuta tabaka moja lenye sifa kubwa kuliko yote. Anatafuta matabaka yanayokaribiana: yarefuke kwa kiasi kinachofanana, kwa nguvu inayofanana, kwa upande wa urefu na kwa upande wa upana, na yarudi kwa kasi inayofanana. Nguo za kuzamia za leo huvutika zaidi kuliko za zamani hasa kwa sababu bitana ya nailoni imeongezewa elasteni, na bitana hiyo laini nayo huchakaa mapema kwenye magoti na makalio, ndiyo maana mahali hapo wengi hubandika kitambaa kigumu zaidi na kukubali kwamba hapatavutika.

Kuna jambo la pili ambalo wanaopima kwa mkono hawalioni. Kiwiko kikikunjwa, tabaka la nje hupita njia ndefu na la ndani hupita njia fupi. La nje linavutwa, la ndani linabanwa na halina pa kwenda isipokuwa kufanya makunyanzi. Katika kitambaa kimoja chembamba tofauti hiyo ni ndogo mno kuhisiwa. Katika milimita tatu inahisiwa, katika saba inachosha misuli. Ndiyo sababu mikono ya nguo nzito ya kuzamia hukatwa ikiwa tayari imepinda kidogo, ili mkunjo wa kwanza uwe umeshalipiwa mezani kwa mkataji.

Nimesema "kuvutika na kurudi", na ninasisitiza neno la pili. Mwaka 1969 Robert Gore, nchini Marekani, alivuta kwa ghafla fimbo iliyopashwa moto ya PTFE, yaani maada ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, na ikarefuka kupita kiasi ikabaki na vitundu vingi vidogo sana. Utando uliotokana na ugunduzi huo hupitisha mvuke wa jasho na kuzuia matone ya maji, na ukazaa makoti ya mvua ya Gore-Tex. Lakini angalia: utando huo ulizaliwa kwa kuvutwa na kubaki ulivyovutwa. Hauna tabia ya kurudi kama mpira. Kwa hiyo anayetaka koti la matabaka linalonyumbuka mara nyingi huuacha akachukua utando wa poliurethani, ambao huweza kupitisha mvuke hata bila vitundu, kwa kuwa molekuli za maji hupenya kwenye sehemu zake zinazopenda maji na kutokea upande wa pili. Inapendeza kukumbuka kwamba poliurethani, ambayo Otto Bayer na wenzake waliifungulia njia huko Ujerumani mwaka 1937, inaweza kuwa uzi wa elasteni, utando, sponji na gundi. Upo uwezekano wa kushika kitambaa cha matabaka manne na kuwa umeshika jamii moja ya kemikali katika maumbo manne.

Gundi niliyoitaja inahesabiwa. Wengi huiona kama kitu kinachounganisha matabaka, na msanifu huiona kama tabaka jingine, kwa kuwa nayo lazima irefuke na irudi. Ikimwagwa kila mahali, inakuwa ngozi ngumu inayozuia mvuke na kukifanya kitambaa kikakamae. Kwa hiyo kwenye viwanda vya makoti hutumika rola la chuma lililochongwa vishimo vidogo vidogo. Gundi ya moto hujaa vishimoni, ya ziada hukwanguliwa, na utando unapopita juu ya rola hupokea nukta badala ya mfuniko mzima. Kisha utando na kitambaa hukutana kati ya rola mbili, hubanwa, huzungushwa kwenye gogo, na huachwa siku moja au zaidi gundi ikivuta unyevu wa hewani ili ikomae. Kwa sponji, kama ile ya vikombe vya sidiria na viti vya magari, njia ya siku nyingi haitumii gundi kabisa: sponji hupitishwa juu ya mwali wa gesi, uso wake ukayeyuka kidogo, na kitambaa kikakandamizwa hapo hapo.

Katika kazi hii yote jambo gumu kuliko mengine ni mvuto. Kitambaa cha vitanzi hakitoki kwenye gogo bila kuvutwa na mashine. Kikivutwa kwa asilimia kumi wakati utando umetulia, vitagandishwa hivyo hivyo, na mara tu rola zikiachia, kitambaa kitajaribu kurudi, utando utakataa, na bidhaa nzima itajikunja pembeni kama jani lililokaushwa juani. Fundi anayepokea kitambaa cha namna hiyo hukilaumu kwa kukunjamana na kukipiga pasi, na pasi humaliza kazi: joto hulainisha gundi na matabaka huachana.

Hali ya hewa ya pwani yetu nayo haivihurumii. Poliurethani za aina fulani huvunjwa polepole na unyevu, na unyevu ukiwa na joto mwendo huo huongezeka. Ndiyo maana koti lililowekwa sandukuni Mombasa linaweza kutolewa baada ya miaka michache likiwa na ndani inayopukutika magamba, ilhali halikuvaliwa. Tazama pia dari ya gari kuukuu inayoning'inia juu ya kichwa cha dereva. Watu husema gundi imeisha. Bandua kidogo utaona vumbi la njano likianguka: mara nyingi ni sponji iliyokuwa katikati ndiyo iliyooza, na gundi bado imekamata vizuri kila upande wake. Ndiyo maana kuibandika upya bila kuipangusa sponji yote hakudumu.

Kuna kitambaa kimoja ambacho namwelewa anayekikosea jina, nacho ni kile chenye wavu unaopitisha hewa kwenye mikanda ya mabegi na kwenye viatu vya michezo. Kina nyuso mbili zilizo mbali kidogo, na katikati yake nyuzi ngumu zimesimama wima zikizitenganisha. Kinaonekana kabisa kama matabaka matatu. Hata hivyo nyuso hizo na nyuzi zake hufumwa kwa pamoja kwenye mashine moja, kwa hiyo hakibanduki, na kinaangukia upande wa skuba.

Kwa wauzaji na mafundi wenzangu, basi, skuba iuzwe kwa jina la skuba, na mteja akiuliza ina matabaka mangapi, aambiwe kwamba ni kitambaa kimoja kilichofumwa maradufu, kinachoweza kufuliwa kwa mashine na kupigwa pasi ya uvuguvugu bila hofu ya kubanduka. Jina la matabaka liachiwe nguo ya kuzamia, koti la mvua lenye utando, kikombe cha sidiria, na lile shuka la mtoto lenye mgongo usiopitisha maji, ambalo halitaki pasi hata kidogo na linafaa kuanikwa kivulini.