Usukani Ukipiga, Shokapu Iache Kwanza

Jumamosi iliyopita kijana mmoja anayeendesha watalii hapa Arusha aliniletea Land Cruiser 79 huku ameshika shokapu mpya ya usukani, bado imo kwenye boksi. "Fundi, nifungie hii, gari likifika sitini usukani unapiga." Nikamwuliza iliyofungwa sasa ni ya lini. Ya mwezi wa tatu. Na ile ya kabla yake? Ya mwaka jana. Kwa hiyo hii ni ya tatu, na bado kuna mtu amemhakikishia kwamba ugonjwa ni shokapu. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na safari hii imenikera kweli.

Shokapu ya usukani haielekezi tairi. Kazi yake ni kupunguza kile kipigo kinachokurudia mikononi tairi linapogonga jiwe. Tairi linaelekezwa na rodi, na rodi zinashikwa na tairodi endi nne: mbili kwenye rodi inayounganisha magurudumu ya mbele, mbili kwenye rodi inayotoka upande wa boksi ya usukani. Kila moja ni jointi: ndani yake kuna gololi yenye shina, imekaa kwenye kikombe. Kikombe kikilika, gololi inapata nafasi ya kucheza. Pitisha gari hilo barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, ile yenye mawimbi yanayong'oa meno, na gololi itagonga kikombe chake njia nzima.

Sasa funga shokapu mpya. Kwa wiki kadhaa ina nguvu ya kuumeza mtetemo, na wewe unaamini umepona. Kumbe kikombe kinaendelea kulika, ila husikii tena. Umemnyamazisha mbwa aliyekuwa akibweka, mwizi bado yumo ndani. Shina likichomoka, gurudumu moja linafuata usukani na lingine linakwenda linakotaka. Ndiyo maana nakasirika. Watu sita wamekaa nyuma na kamera zao, wanakuamini.

Kupima. Wengi wanapiga jeki, wanatikisa tairi, hawasikii kitu, wanasema nzima. Tairi likiwa hewani halina mzigo, na nafasi ndogo inajificha. Acha matairi yakae chini, weka mawe nyuma ya magurudumu, handbreki juu, gia nyutro, injini iwashwe ili pawa ya usukani ifanye kazi. Mtu mmoja akae ndani atikise usukani kushoto na kulia, kidogo tu, upana wa kiganja. Wewe lala chini, ukumbatie jointi kwa mkono: vidole nusu viguse rodi, nusu viguse mkono wa gurudumu, yaani kile chuma chenye tundu la shina kinachogeuza gurudumu. Jointi nzima, vyote viwili vinakwenda pamoja. Iliyokufa, utaisikia "tk" kwenye ngozi kabla haijafika sikioni. Ile rodi kuzunguka kidogo ukiisokota kwa mkono ni kawaida, wala usitupe jointi nzima kwa sababu hiyo.

Kuna jointi za katikati, si nzima wala si zilizokufa, na hapo vitabu vinaandika kana kwamba jibu ni ndiyo au hapana. Si hivyo. Mwaka jana niliipitisha moja, nikaona mchezo wake ni mdogo. Gari lilirudi baada ya safari mbili, mpira wa vumbi, ule unaofunika gololi, umechanika na grisi imegeuka uji wa mchanga. Tangu hapo, mpira ukichanika nabadilisha, hata kama jointi bado inakaza. Kuijaza grisi hakusaidii, mchanga umeshaingia.

Kuitoa ni kazi fupi ukifuata mpangilio. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake. Kabla ya kulegeza chochote, pima kwa futi umbali kutoka katikati ya shina hadi katikati ya shina la upande wa pili, uandike. Toa splitipini, kile kipini kinachozuia nati isizunguke, legeza nati lakini iache ishikilie uzi kidogo. Usigonge ncha ya shina. Utaharibu uzi na jointi itabaki palepale. Gonga ubavu wa tundu la mkono wa gurudumu, na upande wa pili mwenzako aegemeze nyundo nzito. Mapigo mawili matatu makali, shina linaruka lenyewe. Kama una pula, kifaa cha kuvutia shina litoke, ifunge kwanza, ikaze, halafu ndipo ugonge.

Dukani kuwa macho. Rodi moja ina uzi wa kulia mwisho mmoja na uzi wa kushoto mwisho wa pili, ndiyo maana ukiizungusha inarefuka au kufupika. Wauzaji wanatoa jointi mbili zenye uzi unaofanana bila kuangalia.

Kufunga ndiko wengi wanakoharibu. Shina linapungua unene kuelekea nchani, linashika kwa kubanana na tundu lake, kwa hiyo vyote viwili vipanguswe viwe vikavu. Usipake grisi pale. Nati ukikaza na shina likazunguka nayo, weka jeki chini ya jointi, inua kidogo hadi shina libanane, kisha endelea. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Tundu la splitipini lisipolingana na meno ya nati, endelea kukaza hadi tundu linalofuata. Usirudishe nyuma hata kidogo! Nimeona watu wenye miaka ishirini kazini wakirudisha, na nati iliyorudishwa imeacha shina likicheza ndani ya tundu. Likishalika tundu, unanunua na mkono wa gurudumu.

Alaimenti, yaani kulinganisha matairi ya mbele yaelekee sawa, unaweza kuianza nyumbani: chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, pima mbele, sogeza gari hadi mistari ifike nyuma kwa urefu uleule, pima tena. Kisha lipeleke likapimwe kwa mashine.

La kijana yule lilikuwa na jointi moja imekufa, ya kushoto, kwenye rodi inayounganisha magurudumu. Tulipoibadilisha nikapiga jeki nikatikisa tairi juu na chini, na bado likacheza: bearingi za kingipini, egemeo ambalo gurudumu linageukia, zililegea. Tukafungua na hizo. Tulipofika Kisongo kwa kasi ya themanini usukani ulitulia, na shokapu iliyofungwa ilikuwa ileile ya mwezi wa tatu.

Nilimwambia akitoka safari ya kwanza, kabla hajaosha gari, alale chini aangalie klempu za rodi, vile vibano vinavyoshika jointi kwenye rodi, na splitipini. Vumbi likiwa bado limeganda, nati iliyosogea inaacha mstari wa chuma kinachong'aa pembeni yake.