Kufuli Halithibitishi Uaminifu wa Tovuti

Wengi huamini kwamba tovuti yenye alama ya kufuli ni ya watu waaminifu. Sivyo. Kufuli, yaani anwani inayoanza na https, husema tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefichwa njiani, hata mwenye Wi-Fi ya mgahawani hawezi kuyasoma. Tapeli naye hupata bure, kwa dakika chache, cheti cha kidijitali kinachoipa tovuti kufuli hilo. Ndiyo maana mwaka 2023 kivinjari cha Chrome cha kompyuta kiliacha kuonyesha kufuli kando ya anwani.

Onyo la kuogopa kweli ni lile linalotokea unapotuma fomu: ukurasa ni wa https, lakini fomu inapeleka nywila yako kwa http, yaani bila kufichwa, wazi kabisa. Hapo usiendelee, tafadhali. Rudi, kisha usome jina la tovuti herufi kwa herufi.