Bata bukini wa Usangu: ni wa Misri au ni mwenye kipi?

Mkulima wa mpunga wa Mbarali anapotuarifu kwamba bata bukini wameshuka shambani mwake, swali letu la kwanza huwa ni bukini yupi, kwa kuwa katika bonde la Usangu na kando ya Mto Ruaha Mkuu wanaishi wa aina mbili, nao huchanganywa mara nyingi, hasa wakiwa angani. Mmoja ni bata bukini wa Misri. Mwingine ni yule mwenye kipi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kipi kilichochongoka kwenye kifundo cha bawa lake, mfano wa kile cha mguuni mwa jogoo.

Wengi huanza na ukubwa. Ni kweli kwamba mwenye kipi ndiye mkubwa kuliko ndege wote wa jamii ya bata barani Afrika, na dume lake linaweza kupita kilo 6, ilhali wa Misri huwa na kilo 2 hivi. Hata hivyo, jike la mwenye kipi ni dogo sana kuliko dume lake, na ndege aliyesimama peke yake katikati ya maji hana cha kulinganishwa naye, kwa hiyo mimi hushauri watu waanze na uso.

Wa Misri ana doa la hudhurungi iliyokoza kuzunguka jicho, kana kwamba amepaka wanja kisha akalia, na doa jingine katikati ya kifua. Mwili uliobaki una rangi ya kahawia na kijivu, inayomficha vizuri kwenye nyasi kavu. Mwenye kipi ni mweusi mgongoni, na jua likimpiga weusi huo hutoa mng'ao wa kijani na shaba. Tumbo ni jeupe, na mdomo wake mwekundu huendelea hadi kwenye ngozi tupu ya uso, ambayo kwa dume kubwa hupanda juu ya paji kama kinundu. Miguu haisaidii, kwani wote wawili wanayo ya waridi.

Mwanga nao hudanganya. Alfajiri moja, kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, niliandika daftarini kundi zima kuwa la wenye kipi kwa sababu wote walionekana weusi mbele ya jua linalochomoza. Walipogeuka na kuruka, mabawa yalifunguka meupe nusu nzima ya mbele, na hapo nikalazimika kufuta. Weupe huo mpana, unaokatwa ghafla na manyoya meusi ya nyuma, ni wa bukini wa Misri. Mwenye kipi naye ana weupe, lakini ni ukanda unaofuata ukingo wa mbele wa bawa, na sehemu kubwa iliyobaki ni nyeusi.

Anayesikia vizuri hahitaji hata darubini. Jike la bukini wa Misri hupiga kelele za kukwaruza, zenye kurudiwarudiwa, na dume humjibu kwa sauti ya pumzi kama nyoka aliyekasirika. Jozi moja inaweza kuamsha kitongoji. Mwenye kipi, pamoja na ukubwa wake wote, hutoa mluzi mwembamba unaostahili ndege wa nusu ya mwili wake.

Viota vinaeleza kidogo: wa Misri hupenda kutwaa kiota kikubwa cha fundichuma juu ya mti, ingawa hutaga pia ardhini.

Jambo moja linawahusu wanaowinda kwa kitoweo. Pamoja na kwamba sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka kibali, imethibitika nchini Gambia kwamba mwenye kipi hula mbawakawa wenye sumu ya kutoa malengelenge, na sumu hiyo hubaki katika nyama yake.

Ugumu wa kweli uko kwa makinda ya bukini wa Misri yaliyokwisha kuruka, kwa sababu hayajaota doa la jicho wala la kifua. Ukikutana na ndege wa namna hiyo wakati wa sensa ya ndege wa majini ya Januari, subiri wazazi wasogee karibu, maana familia hukaa pamoja. Wasipotokea, andika "bukini, hajatambuliwa" na uendelee na kundi linalofuata.