Dawa za msaada si kila katoni iliyotolewa bure

Kipindupindu kikiingia au mafuriko yakipiga huku kanda ya kati, kuna kauli haikosi: "Hizo ni dawa za msaada, pokeeni tu, makaratasi baadaye." Tope la Mlima Hanang lilipofunika Katesh Desemba 2023 niliisikia hapa Dodoma kwa watu wenye nia njema kabisa. Ndiyo maana nayaandika haya.

Dawa za msaada ni dawa zinazotolewa bila malipo na nchi, shirika, kampuni au mtu, kwa ajili ya wagonjwa wa mahali fulani. Maana yenyewe ndiyo hiyo.

Kinachosumbua ni dhana kwamba kwa kuwa hazikununuliwa, hazina gharama wala masharti. Armenia ilipopigwa na tetemeko mwaka 1988 ilipokea takriban tani 5,000 za dawa na vifaa tiba, na ni asilimia 30 tu zilizotambulika kirahisi na kuhitajika wakati ule. Bosnia, kati ya 1992 na 1996, ilikadiriwa kubaki na tani 17,000 za dawa zisizofaa. Wafamasia waliotakiwa kuhudumia majeruhi walishinda wakichambua maboksi.

Ndipo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mwaka 1996, ukarekebishwa 1999 na 2010. Unataka msaada utokane na mahitaji ya anayepokea, si na kilichozidi kwa anayetoa. Dawa ziwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapoingia nchini, lebo ziwe za lugha inayoeleweka, na zisiwe masalia ya wagonjwa wengine. Huo mwaka mmoja unaweza kulegezwa, lakini kwa ridhaa ya mpokeaji anayejua kwamba dawa zitatumika kabla hazijaisha muda. Mtoaji hajipi ruhusa hiyo mwenyewe.

Hata dharura haifuti utaratibu. Dawa zinazotoka nje zinahitaji kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Zikifika hospitali, mfamasia anakagua namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, anaziingiza kwenye leja na kadi ya stoo kama zile zilizotoka Bohari ya Dawa ya serikali, kisha zinazokaribia kuisha muda zinatoka kwanza. Bila hivyo, wodi ya kipindupindu itaomba dripu na ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) huku stoo imejaa dawa za presha zenye maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Na zikiisha muda hazitupwi jalalani: zinahesabiwa, zinaombewa idhini, zinasafirishwa na kuteketezwa, kwa fedha ya hospitali ileile iliyosaidiwa. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu fedha hiyo ingenunua dripu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mfamasia anayesema "subirini kwanza, tuone orodha" hakatai msaada wala hana urasimu. Shehena ambayo hakuna aliyeiomba wala kuikagua bado ni mzigo tu, hata kama aliyeileta ana moyo safi. Mwenye nia ya kuchangia aanze kwa kumuuliza mfamasia wa hospitali husika kinachopungua wiki hiyo. Akiambiwa kinachohitajika ni fedha au usafiri, basi atoe hicho.