Kimelea chenye khanga sitini: maswali ya watu wa Dodoma kuhusu malaria, kinga na chanjo

Mbukwenyi. Mvua zikianza tu hapa Dodoma, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, maswali ya malaria hunifuata kliniki ya mama na mtoto, stendi na hata msibani. Siku hizi mengi ni ya chanjo. Nimeyakusanya yale yanayoulizwa sana. Karibu yote yanarudi pale pale: tunasema "malaria" kama kitu kimoja, lakini vimelea vyake ni vya sura nyingi mno.

Mtoto akiugua surua mara moja imekwisha. Mbona malaria humrudia mtu hata mara kumi?

Kirusi cha surua ni kidogo sana na sura yake haibadiliki kiasi cha kutusumbua. Mwili ukishaijua, umeijua. Kimelea cha malaria ni kiumbe kikubwa zaidi. Falsiparamu, aina ya kimelea ambayo ndiyo inayoua wengi kwetu, ina jeni zaidi ya 5,000 kwenye kromosomu 14. Wanasayansi walimaliza kuzisoma mwaka 2002.

Kimelea kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hutoa protini yake na kuipachika juu ya chembe hiyo. Protini hiyo hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ili chembe isipite kwenye bandama ikachujwa na kuharibiwa. Ikinata kwenye mishipa ya ubongo, ndipo mtoto anapopoteza fahamu. Sasa, protini hiyo ndiyo wanayoiona askari wa mwili, yaani kinga yake. Kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za kuitengeneza, na hutumia moja kwa wakati. Fikiria mama mwenye sanduku la khanga sitini. Askari wameambiwa wamtafute aliyejifunga khanga nyekundu. Wakifika, keshajifunga ya kijani. Na sanduku la jirani yake lina khanga nyingine kabisa, rangi nyingine na majina mengine.

Khanga hizo mpya zinatoka wapi?

Tumboni mwa mbu. Mbu akinyonya damu yenye vimelea vya aina mbili, vimelea hivyo hukutana humo, dume na jike, na watoto wao huzaliwa na mchanganyiko wa jeni. Penye malaria nyingi mtu mmoja anaweza kubeba aina kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mchanganyiko haukomi.

Mama mkwe wangu wa Kigoma anaumwa na mbu kila siku wala haugui. Mimi mzaliwa wa Chamwino nilimtembelea, niliporudi nikalazwa. Ana damu gani yule?

Damu yake ni kama yako, mama, ila imesomeshwa. Kwa miaka mingi, tangu akiwa mtoto, mwili wake umekutana na sura moja baada ya nyingine na kuzitengenezea kingamwili. Akiumwa na mbu leo, huenda vimelea vikaingia na vikakaa, lakini vinabaki vichache na homa haipandi. Kinga ya malaria inayopatikana kwa kuugua haifungi mlango kabisa. Inapunguza makali. Na gharama ya masomo hayo hulipwa na watoto wadogo, ambao ndio wanaokufa kabla hawajafuzu.

Wewe hukusoma darasa hilo. Mkoa wetu ni mkavu, mvua ni msimu mmoja, na mbu wa malaria hawapati maji ya kutosha mwaka mzima, ukiacha sehemu kama mabonde ya mpunga ya Bahi. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, chini ya mtoto 1 kati ya 100 wa umri wa chini ya miaka mitano hapa Dodoma alikutwa na vimelea. Kigoma walikuwa takriban 24 kati ya 100. Tushukuru kwa hilo. Lakini maana yake ni kwamba mtu mzima wa Dodoma anaweza kuugua malaria kali kama mtoto. Nawasihi sana: ukirudi kutoka Kigoma, Geita au Kilombero ukapata homa, hata kama ni wiki mbili au mwezi baadaye, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo na umwambie mhudumu ulikotoka. Asipojua safari yako, anaweza kuanza kutafuta UTI au taifodi.

Mimi nimekulia Kasulu, niko UDOM mwaka wa tatu. Kinga yangu si ipo?

Inapungua, mwanangu. Kingamwili nyingi za malaria hushuka usipokutana na vimelea, na ukirudi nyumbani utakuta vimelea vingine. Ukienda likizo, lala ndani ya chandarua.

Kwa nini mimba ya kwanza ndiyo huteswa zaidi na malaria?

Kwa sababu kuna khanga moja ambayo kimelea huitumia kunata kwenye kondo la nyuma tu. Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hajawahi kuiona, hata kama ameishi na malaria maisha yake yote. Mimba ya pili mwili unakuwa umeanza kuitambua. Mjamzito akipewa SP, dawa ya kukinga malaria, kliniki, anywe palepale.

Nani alithibitisha kwamba kinga yenyewe iko kwenye damu?

Mwaka 1961 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Gambia, Cohen, McGregor na Carrington, walichuja kingamwili kutoka damu ya watu wazima waliozoea malaria, wakawachoma watoto waliokuwa wagonjwa. Vimelea vikashuka. Kwangu mimi huo ndio msingi wa matumaini yote ya chanjo: kinachomlinda mama mkwe wa Kigoma kinaweza kupewa mtu mwingine.

Basi kwa nini chanjo imechukua miaka mingi hivyo?

Kwa sababu ya lile sanduku. Ukitengeneza chanjo ya khanga moja, kimelea kinabadili. Watengenezaji wa chanjo ya RTS,S waliamua kukiwahi mapema, kinapotoka kwenye mate ya mbu kabla hakijafika kwenye ini. Hapo kimevaa koti la protini moja, na sehemu kubwa ya koti hilo hufanana kwa vimelea vyote. Ila upande wa mkia wake una tofauti.

Koti lililowekwa kwenye chanjo lilinakiliwa kutoka aina moja inayoitwa 3D7. Aina hiyo ilipatikana kwa mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi. Majaribio makubwa yalifanyika katika nchi saba za Afrika, kwetu yakiwa Bagamoyo na Korogwe. Mwaka 2015 watafiti walichapisha walichokiona baada ya kusoma vinasaba vya vimelea vya watoto hao. Kwa waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, katika mwaka wa kwanza chanjo ilikinga kwa karibu asilimia 50 dhidi ya vimelea vyenye koti linalolingana na la chanjo, na asilimia 33 dhidi ya vingine. Na vinavyolingana vilikuwa vichache sana.

Asilimia 33? Si bora tuache?

Hapana, na hapa naomba nisikilizwe. Mtoto mmoja huugua malaria mara nyingi, kwa hiyo kupunguza hata theluthi ni kuzuia degedege, upungufu wa damu na misiba mingi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S mwaka 2021, na chanjo nyingine, R21, mwaka 2023. Katika jaribio la R21 lililohusisha pia Bagamoyo, kinga ya mwaka wa kwanza ilikuwa kati ya asilimia 68 na 75. Zote mbili ni dozi nne, kwa kuwa kinga hushuka na inahitaji kuongezwa nguvu. Chandarua kinabaki pale pale.

Hakuna kitu ambacho kimelea hakiwezi kukibadili?

Kipo kinachobadilika kidogo sana: protini iitwayo RH5, ambayo kimelea huitumia kama ufunguo wa kuingilia chembe nyekundu. Ukiuchonga ufunguo vingine, mlango haufunguki. Kinga ya asili huigusa kidogo tu, ndiyo maana watafiti wanataka kuufundisha mwili kwa chanjo. Chanjo ya aina hiyo imeshajaribiwa kwa watu wazima na watoto Bagamoyo.

Walikuja watafiti wakanichoma kidole, wakadondoshea damu kwenye karatasi. Waliipeleka wapi?

Maabara, babu. Tone likikauka kwenye karatasi ile, vinasaba vya kimelea hubaki humo na vinaweza kusomwa: ni sura gani zinazozunguka, na kama kuna zinazoanza kustahimili artemisinini, kiungo kimoja cha dawa ya mseto, jambo ambalo limeshaonekana Kagera. Kabla hujatoa kidole, uliza damu itatumika kwa nini na itahifadhiwa kwa muda gani. Ukikataa, unatibiwa vilevile kama aliyekubali.