Theluji imekoma, mbona shule bado zimefungwa? Maelezo kwa wazazi wa Louisville

Kila majira ya baridi wazazi wanaozungumza Kiswahili hutupigia simu wakiwa na swali moja. Theluji iliacha kuanguka tangu juzi, jua linawaka, barabara kuu zimekauka, maduka yako wazi, malori yanapita, na kazini hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyumbani hata kwa saa moja. Inakuwaje shule peke yake ndiyo ifungwe? Wengi huuliza kwa hasira, na hasira hiyo ina msingi. Mtu aliyefanya kazi usiku kucha kwenye ghala la vifurushi, akarudi alfajiri akakuta ujumbe kwamba watoto watatu watashinda nyumbani kwa siku ya nne mfululizo, hawezi kuambiwa tu kwamba ni kwa ajili ya usalama.

Kazi yangu ni kuzielimisha familia za wahamiaji kuhusu mfumo wa shule hapa Kentucky. Baada ya kuwasikiliza wazazi wengi, nimeona hasira yao huishia mahali pasipoweza kubadilika, na pale panapoweza kubadilika hawapagusi. Uamuzi wa kufunga mara nyingi una sababu za kweli. Matayarisho ya siku ambazo shule imefungwa ndiyo yenye kasoro, na hapo mzazi ana sauti kuliko anavyodhani.

Tuanze na sababu. Tarehe 5 Januari 2025 dhoruba ilimwaga Louisville zaidi ya sentimita 15 za theluji iliyochanganyika na barafu. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko dhoruba yenyewe: baridi haikuachia. Theluji ikilainika kidogo mchana na kuganda tena usiku, huwa tabaka gumu ambalo koleo halilitoboi. Ijumaa ya tarehe 10 ikaanguka nyingine juu yake. Watoto waliotarajiwa kurudi kutoka likizo ya Krismasi hawakuingia darasani wiki ile nzima.

Chumvi inayomwagwa barabarani hufanya kazi vizuri joto likiwa karibu na sifuri. Likishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri, yaani kama 15 kwa kipimo cha Fahrenheit kinachotumika huku, nguvu yake hupungua sana na barafu hubaki palepale hata chumvi ikimwagwa mara tatu. Isitoshe, magari ya jiji ya kukwangua theluji hupita kwenye njia kuu na zile za kwendea hospitali na vituo vya zimamoto. Kwa utaratibu wa kawaida wa Louisville, vichochoro vya mitaani havikwanguliwi. Mzazi anayetazama barabara kuu akiwa ndani ya gari anaona lami. Basi la shule, lenye uzito wa zaidi ya tani 10, halichukui watoto kwenye barabara kuu. Linaingia mitaani, linapanda vilima, linageuka kwenye kona nyembamba na kusimama kila baada ya nyumba kadhaa.

Halafu kuna kituo chenyewe. Mwanzoni mwa Januari jua la Louisville huchomoza karibu saa mbili kamili asubuhi. Shule za mapema huanza kabla ya hapo, kwa hiyo mtoto wa basi husubiri gizani, mara nyingi akiwa amesimama barabarani kwa sababu njia ya miguu imefunikwa na rundo la theluji lililosukumwa pembeni. Gari likiteleza hapo, dereva hana la kufanya. Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa huonya pia kwamba baridi ikiungana na upepo hadi mwili kuhisi nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Basi lililochelewa linaweza kumweka mtoto nje kwa muda huohuo, na wapo watoto wanaofika kituoni na sweta tu, kwa kuwa ndiyo majira yao ya kwanza ya baridi na hakuna aliyewaeleza familia zao mapema.

Majengo nayo huumia. Mabomba yakiganda hupasuka, na maji hugundulika yakimwagika baridi inapolegea. Ndiyo maana shule moja inaweza kubaki imefungwa wakati ya jirani imefunguliwa. Mwaka 2009, dhoruba ya barafu ya mwishoni mwa Januari ilikata umeme katika nyumba na biashara zaidi ya 700,000 za Kentucky, na gavana akaita jeshi lote la akiba la jimbo kusaidia. Hali ikifika hapo, shule haiwezi kufunguliwa hata wazazi wote wakitaka, kwani haina taa, haina joto wala jiko la kupikia.

Wanaoamua hawaamui wakiwa kitandani. Wafanyakazi wa usafiri huzunguka mitaani usiku wa manane, huwasiliana na watu wa hali ya hewa na wa barabara, na mkuu wa shule za wilaya hutoa uamuzi kabla ya alfajiri, yaani kabla madereva hawajaanza safari. Wilaya kama Jefferson, ambayo ndiyo wilaya ya shule ya Louisville na ina wanafunzi zaidi ya 90,000, kwa kawaida hufunga yote kwa pamoja hata kama mitaa ya kusini imekauka na ya mashariki bado ni kioo, kwa sababu mabasi na madereva walewale huhudumia shule kadhaa, zamu baada ya zamu.

Kwa hiyo uamuzi wa kufunga ninautetea. Lakini naomba viongozi wa wilaya nao wasikie kwamba gharama yake haigawanywi sawa. Mwenye kazi ya ofisini hufungua kompyuta mezani na siku ikapita. Anayelipwa kwa saa hupoteza mshahara, au huhesabiwa pointi za utoro kazini, na zikijaa anafukuzwa. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimu mwajiri kutoa likizo kwa sababu shule imefungwa na theluji, na Kentucky haina sheria ya aina hiyo. Chakula nacho huwa tatizo. Karibu shule zote za Jefferson huwapa watoto kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo. Siku tano za kufungwa ni milo kumi kwa kila mtoto, na familia yenye watoto wanne inakuwa na milo arobaini isiyokuwamo kwenye bajeti.

Hapo ndipo mzazi anapaswa kuuliza. Kanuni za chakula cha shule za shirikisho zina nafasi ya kutoa chakula shule zinapofungwa ghafla, lakini wilaya lazima iombe na ijipange mapema. Ulizeni wilaya yenu kama imejipanga, chakula kitatolewa wapi, na familia isiyo na gari itakifikiaje. Msisubiri barafu ianguke ndipo muulize. Njaa ikishafika, piga 211 na useme Kiswahili. Huduma hiyo huelekeza watu kwenye vituo vya chakula, mahali pa kupata joto na msaada wa bili za umeme.

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini: je, naweza kumwacha mtoto peke yake nikaenda kazini? Kentucky haina sheria inayotaja umri maalumu wa mtoto kubaki peke yake. Hiyo haimaanishi ruhusa. Likitokea jambo, maofisa wa ustawi wa watoto huangalia umri wake, ukomavu wake, amebaki kwa muda gani na kama alikuwa na njia ya kupata msaada. Kumwachia mtoto wa miaka tisa mdogo wake wa miaka miwili kunaweza kuhesabiwa kuwa uzembe. Kilicho bora ni mpango uliofanywa Novemba, kabla ya baridi: familia tatu au nne za jengo moja au kanisa moja au msikiti mmoja, zenye zamu tofauti za kazi, zikikubaliana nani atakaa na watoto siku gani. Nyumbani Bukavu, Kigoma au Mombasa jambo hilo lingetokea bila kikao. Huku majirani wanatoka asubuhi na kurudi usiku, kwa hiyo lazima liandikwe, pamoja na namba za simu.

Na katika mpango huo muweke jambo hili mbele ya yote: umeme ukikatika, jiko la mkaa, mbabula, au la kuchomea nyama lisiingizwe ndani kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta nayo ikae nje, mbali na milango na madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala nayo asiamke. Miongoni mwa waliokufa Kentucky katika dhoruba ya 2009 walikuwa watu waliovuta hewa hiyo wakijaribu kupata joto. Waelezeni hata watoto wakubwa, maana wao ndio wataachwa na wadogo. Kengele ya kugundua hewa hiyo ni lazima iwepo nyumbani. Kama nyumba ni ya kupanga, muulizeni mwenye nyumba.

Kuhusu masomo, soma ujumbe wa wilaya kwa makini. Shule ikifungwa kabisa, siku hiyo itafidiwa baadaye, mara nyingi kwa kusogeza mwisho wa mwaka. Ikitangazwa siku ya NTI, mtoto anasoma akiwa nyumbani, kwa kompyuta au kwa karatasi alizopewa, na siku hiyo inahesabiwa. Kentucky ilianza utaratibu huu kwa majaribio mwaka 2011 katika kaunti za milimani zilizokuwa zikipoteza wiki kadhaa kila mwaka, na kwa kawaida wilaya huruhusiwa hadi siku 10 kwa mwaka. Jimbo linataka angalau saa 1,062 za masomo, kwa kawaida katika siku zisizopungua 170. Mtoto asiyefanya kazi ya siku ya NTI anaweza kuandikwa hakuhudhuria. Nimekutana na wazazi waliodhani ni mapumziko tu, kisha wakapata barua ya utoro. Kama hamna intaneti nyumbani, mwambieni mwalimu mapema. Karatasi zipo kwa ajili hiyo. Mtoto mwenye mpango wa elimu maalumu, ule unaoitwa IEP, ana haki ya huduma zake pia. Kama wenzake walifundishwa na yeye akakosa tiba ya usemi au msaada mwingine, omba kikao mjadili namna ya kumfidia.

Je, watoto wanaharibikiwa na siku hizi? Watafiti hawakubaliani kikamilifu. Dave Marcotte alipochunguza shule za Maryland aliona ufaulu ukishuka katika miaka ya theluji nyingi, hasa kwa watoto wa madarasa ya chini. Joshua Goodman, akiwa Harvard, alichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa Massachusetts ulioonyesha jambo lisilotarajiwa: siku ambazo shule zilifungwa kwa wote hazikuonekana kushusha alama, bali siku ambazo shule zilifunguliwa na baadhi ya watoto hawakufika ndizo zilizoshusha. Mimi naliona lina mantiki. Darasa zima likikosa, mwalimu hurudi nyuma na wote. Wakikosa sita kati ya ishirini na tano, somo linaendelea na wale sita wanabaki na pengo.

Chukueni hilo kwa uzito, kwa sababu siku ya kufunguliwa ndiyo familia zetu nyingi huwabakisha watoto nyumbani: bado kuna barafu mlangoni, basi lilichelewa jana, mama amelala baada ya zamu. Mtoto anayejifunza Kiingereza hana akiba ya siku za kupoteza. Shule ikifunguliwa, afike siku ya kwanza, hata akichelewa. Basi lisipotokea, piga simu shuleni useme, ili kuchelewa kwake kusihesabiwe kosa lake.

Jambo jingine la kudai ni lugha. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 huzibana shule zinazopokea fedha za shirikisho kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri kwa Kiingereza, kwa mzazi anayesoma Kiswahili tu, haujafika. Nendeni shuleni mkahakikishe fomu ya mtoto imeandikwa Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani na namba ya simu ni ya sasa. Makosa mengi tunayoyakuta ni hayo mawili. Msiwatumie watoto kuwa wakalimani wa mambo haya. Mkalimani ni haki yenu na hamlipi.

Kwa wanaotaka kusema zaidi ya simu, tangu 2022 sheria ya Kentucky inazitaka bodi za shule kutenga angalau dakika 15 za kusikiliza wananchi katika kila mkutano wa kawaida. Jiandikishe kabla, omba mkalimani siku kadhaa mapema, na uende na ombi moja linaloweza kutekelezwa: kituo cha chakula mtaani kwenu, ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, au kituo cha basi kihamishwe kutoka kwenye kilima. Kalenda ya mwaka, pamoja na siku za kufidia, hupendekezwa na kamati ya wilaya ambayo kisheria lazima iwe na wazazi wawili, na bodi huipitisha kabla ya katikati ya Mei. Anayetaka nafasi hiyo aulize ofisi ya wilaya wakati wa vuli. Sisi tutamsaidia kujaza fomu.